Kuhama nyumba Dodoma bila wahamishaji wa kulipwa: kufunga, kupakia na kushusha

Vyombo vingi vinavyovunjika siku ya kuhama vinavunjika kwa sababu vilipwaya. Sahani ilikuwa na nafasi ya kucheza ndani ya boksi, mlango wa kabati haukufungwa, friji lilisimamishwa katikati ya gari na kamba moja kiunoni. Gari likipita kwenye rasta au likiingia kwenye korongo la njia ya viwanjani, kila kilicholegea kinamgonga jirani yake. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata: boksi lijazwe mpaka lisicheze, mzigo ubanane, kamba ikazwe na ikazwe tena njiani.

Kwa kaya ya chumba na sebule, watu wazima wanne, gari moja la kukodi na siku tatu za maandalizi vinatosha. Nyumba ya vyumba vitatu inahitaji wiki nzima ya kufunga vitu jioni jioni, na watu sita siku yenyewe. Wengi hukosea hapo, wakidhani kuhama ni kazi ya siku moja. Siku ya gari ni ya kubeba tu. Dereva akifika akute bado unakunja nguo, ujue umeshamlipa kukaa.

Siku na saa

Mvua za Dodoma huja kwa msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kama una hiari, hama kati ya Mei na Oktoba. Miezi hiyo nayo ina usumbufu wake: upepo, hasa kuanzia Julai, na vumbi jekundu linalopenya kila penye tundu. Kama ni lazima kuhama kipindi cha mvua, nenda ukaione njia siku inayofuata baada ya mvua kubwa. Bodaboda kupita si kipimo. Udongo mweusi wa mbugani unamshika mwenye mzigo, na gari likizama hapo utashusha vyombo vyote kwenye matope ili lichomoke.

Tarehe za mwisho wa mwezi na za mwanzo wa mwezi magari hugombewa, Jumamosi ndiyo zaidi. Siku ya katikati ya wiki, katikati ya mwezi, dereva ana muda na bei inazungumzika.

Gari lifike saa 12 asubuhi. Mtakuwa mmemaliza kazi nzito kabla jua halijawa kali na upepo haujapanda. Usihame usiku. Gari lenye televisheni na magodoro likionekana barabarani saa 4 usiku, askari au ulinzi shirikishi watalisimamisha, na wana haki ya kuuliza. Ukihama kwenda mbali, tuseme Manyoni, Singida au Kondoa, chukua barua ya serikali ya mtaa unaotoka yenye orodha ya vitu vikubwa, pamoja na risiti ulizonazo. Andika namba za televisheni, friji na kompyuta zilizo kwenye vibandiko vya nyuma.

Kagua nyumba mpya ikiwa bado tupu

Nenda na tepu ya kupimia, bisibisi, balbu moja na simu yenye chaji. Pima upana wa kila mlango utakaopitisha kitu kikubwa, na upime uwazi wenyewe, yaani nafasi inayobaki mlango ukiwa wazi. Milango mingi ya nje huwa na upana wa sentimita 80 hadi 90, na grili ya chuma ikiongezwa inakula sentimita kadhaa. Kochi la watu watatu lenye kina cha sentimita 90 halipiti hapo likiwa limelala. Husimamishwa wima, mgongo ukatangulia, likazungushwa taratibu kwenye kona. Kama hata hivyo halipiti, ni bora kulijua leo kuliko kulijua likiwa barazani na dereva anapiga honi.

Umeme. Mwombe mwenye nyumba namba ya mita ya LUKU, kisha nunua umeme wa shilingi 2,000 mbele yake. Ujumbe unaorudi unaonesha makato. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo kuona makato hayo si ajabu, lakini kama kuna deni linalotokana na mpangaji aliyepita, hapo ndipo litajitokeza. Mkubaliane nani analipa kabla hujatoa kodi ya pango. Kule unakotoka, acha kununua uniti nyingi wiki mbili kabla ya kuhama. Uniti hubaki kwenye mita, hazikufuati.

Maji. Piga picha mita ya DUWASA siku unayokabidhiwa, tarakimu zisomeke. Fanya hivyo pia kwenye mita unayoiacha. Waulize majirani, tena zaidi ya mmoja, maji hutoka siku zipi. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana siku ya kuhama mtahitaji maji mengi ya kudeki, kuosha vyombo na kuoga, na ukihama siku ya mgao utaanza maisha kwa kununua madumu. Jaza madumu manne ya lita 20 kule unakotoka na yapande gari la mwisho. Kama nyumba inatumia kisima, onja maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na ni vizuri kujua mapema kama utatafuta ya kunywa kwingine.

Halafu zunguka ukuta kwa ndani na nje ukitafuta mchwa. Wao huacha mstari mwembamba wa udongo unaopanda ukutani au kwenye fremu ya mlango. Ukiuvunja kwa bisibisi ukaona umelowa na wadudu wanakimbia, nyumba ina mchwa hai. Dawa ipigwe na nyumba ikae siku mbili kabla ya vyombo kuingia. Badilisha kitasa cha mlango wa mbele, au angalau kiini chake. Funguo za mpangaji aliyepita hujui ziko mikononi mwa nani.

Gari gani, na tripu ngapi

Kirikuu, hizi Suzuki Carry ndogo, ndiyo kimbilio la wengi. Bodi yake ina urefu wa takribani sentimita 194 na upana wa sentimita 141, na uwezo wake wa kiwandani ni kilo 350. Zingatia namba hizo. Godoro la futi 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183: haliwezi kulala humo, litaegemezwa ubavuni kwa urefu wa gari. Magunia manne ya mahindi ya kilo 100 yameshavuka kipimo cha uzito kabla hujapandisha hata kiti. Kwa hiyo ukihama Juni au Julai, mavuno yakiwa ndani, nafaka hesabu kama tripu yake.

Kwa makadirio, chumba kimoja cha kupanga ni kirikuu tripu moja au mbili. Chumba na sebule yenye makochi ni kirikuu tripu tatu, au Canter tripu moja. Nyumba ya vyumba vitatu ni Canter tripu mbili. Umbali ndio unaoamua. Kutoka Majengo kwenda Chang'ombe, kirikuu ya tripu tatu haina shida. Kutoka Area C kwenda Ihumwa au Mtumba, ambako ni mwendo wa kilomita kumi na kitu, Canter ya tripu moja mara nyingi inatoka nafuu hata kama bei yake ya kuanzia inatisha. Guta la injini linafaa kwa mitaa ya jirani na kwa vitu visivyovunjika. Linarusha sana, na miiba ya migunga kwenye njia za viwanja vipya inatoboa matairi yake.

Dereva mkubaliane mambo haya kwa maneno yaliyo wazi: idadi ya tripu, mahali hasa pa kushushia (mtumie ramani ya simu, usiishie kumwambia "Kisasa, ukifika utaniona"), kama utingo yumo kwenye bei, na muda wa kupakia kabla hajaanza kudai zaidi. Atakuomba hela ya mafuta, mpe sehemu. Inayobaki ilipwe mzigo ukishashuka wote. Na ujue kwamba bima ndogo ya gari haikulipi chochote vyombo vyako vikiharibika, ndiyo maana kazi ya kufunga unaifanya mwenyewe.

Vifaa vya kufungia

Kwa chumba na sebule andaa maboksi 15 hadi 20, viroba vikubwa vya sandarusi 8, selotepu pana 2, maka peni, magazeti ya zamani kilo 3, kamba ya manila yenye unene wa milimita 8 au 10 urefu wa mita 30, mipira ya tyubu 6, na turubai la mita 4 kwa 5. Turubai omba au kodi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kwa kazi hii wala hutaihitaji. Kanga, vitenge, mataulo na mashuka ulivyonavyo ndiyo kinga bora ya vioo, na ukivitumia hivyo umevipunguza kwenye orodha ya vya kufungwa.

Maboksi ya duka la jumla yaliyobeba mafuta ya kula au sabuni ni magumu kuliko ya biskuti. Boksi la vitabu liwe dogo. Kipimo rahisi: boksi lolote lisizidi uzito wa dumu la lita 20 lililojaa. Likizidi, kitako kitaachia likiwa mikononi mwa mtu.

Anza na usichokitumia: nguo za sherehe, vitabu, vyombo vya wageni. Jikoni fuata mwisho. Andika chumba na kilichomo kwenye pande mbili za boksi. Ukiandika juu, boksi la pili likipandishwa maandishi hayaonekani.

Boksi la sahani

Hili lieleweke vizuri, maana ndilo linalovunja mioyo. Ziba kitako kwa selotepu mbili za kufuata mshono na moja ya kukatiza. Kunja kunja magazeti, yamwage ndani mpaka kina cha vidole vinne. Funga kila sahani kwa gazeti lake, kisha zisimamishe kwa ukingo, moja nyuma ya nyingine, kama vitabu kwenye rafu. Sahani iliyolala inabeba uzito wa zote zilizo juu yake, na gari likiruka mara moja zile za chini zinapasuka kati. Iliyosimama inapokea mshtuko kwa ukingo, na ukingo ni mgumu. Kila baada ya sahani nne ingiza kitambaa kilichokunjwa. Glasi na vikombe vijazwe karatasi ndani, vifungwe, vipangwe juu ya sahani vikiwa vimefudikizwa. Juu kabisa weka tabaka jingine la magazeti mpaka boksi likifungwa libonyee kidogo kwa kiganja na kurudi. Sasa litikise karibu na sikio. Ukisikia kacha-kacha, fungua uongeze karatasi. Likiwa kimya, limeiva.

Chupa ya chai yenye kioo ndani ivishwe sweta na isafiri mapajani mwa mtu. Sufuria ziingizwe moja ndani ya nyingine na gazeti katikati, ya ndani kabisa ijazwe viungo na vijiko. Mafuta ya kula yasiwekwe kwenye boksi la unga wala la nguo, hata kama kifuniko kimekazwa.

Kunguni wasihame na wewe

Usiruke hatua hii. Kunguni huingia nyumba mpya kwenye kitanda cha zamani, na wakishaingia kwenye nyufa za ukuta ni kazi ya miezi. Siku mbili kabla, wakati kitanda kinafunguliwa, mulika tochi kwenye maungio ya mbao, matundu ya boliti, na mshono wa pembeni wa godoro. Vidoa vyeusi kama wino uliodondoka ndio ushahidi wao. Maungio yamwagiwe maji yanayochemka, yaachwe yakauke juani. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, na yakauke yakiwa yametandazwa juani. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa maji baridi na kianikwe kivulini, kwa kuwa jua huharibu dawa yake. Godoro likae juani siku nzima, ligeuzwe mchana, lakini usilitegemee jua peke yake, kwa kuwa joto halifiki katikati ya sponji. Mshono wake usuguliwe kwa brashi na upigwe dawa ya kunguni kama maelezo ya kopo yanavyosema.

Kitanda na kabati

Nati zilizokaa miaka zidondoshee mafuta usiku wa kuamkia kazi. Vitanda vingi vya mbao hufunguka kwa spana namba 13, ila uwe na 12 na 14 pia. Kabla ya kulegeza chochote, piga picha kila kona, kisha kwa maka peni weka alama kwa ndani: A kwa A, B kwa B. Mafundi hukata matundu kwa macho, kwa hiyo mbao ya kushoto mara nyingi haingii kulia hata zikifanana kama pacha. Ubao ukigoma kutoka usiupige nyundo moja kwa moja. Weka kipande cha ubao na kitambaa katikati, gonga kidogo kidogo huku na huku. Boliti, nati na washa zote ziingie ndani ya soksi moja, na soksi ifungwe kwenye ubao wa kichwani. Chaga zifungwe bunda moja kwa mpira.

Kabati la mninga au mkongo lifunguliwe milango na rafu, libaki gamba. Kabati la ubao wa kiwandani ni jambo jingine. Skrubu zake hushika kwenye unga wa mbao uliogandishwa, na kila ukizitoa na kuzirudisha tundu linapanuka, kabati linaanza kuyumba. Likipita mlangoni, lihame zima, tupu, limesimama, milango imefungwa kwa kitambaa kilichozungushwa mara mbili. Linyanyuliwe, lisiburutwe, kwa sababu miguu yake hukatika kwa kusukumwa ubavuni. Kama ilikubidi kulifungua na tundu limelegea, jaza gundi ya mbao na njiti mbili za kiberiti, vunja zilingane, acha ikauke usiku kucha, kisha rudisha skrubu kwa mkono.

Friji, gesi, televisheni, tangi

Friji lizimwe saa 24 kabla, barafu iyeyuke, maji yakaushwe na mlango ufungwe kwa kitambaa. Lisafiri limesimama, na wakati wa kulibeba lisilazwe kupita nusu ya kusimama. Mafuta yaliyomo ndani ya kompresa hupanda kwenye mabomba likilala, na likiwashwa hivyo kompresa inafanya kazi bila ulainisho. Likifika limesimama muda wote, lipumzishe saa nne. Kama lililazwa, subiri saa 24. Vijana wawili walibebe, mwenye nguvu zaidi akae chini kwenye ngazi, na lishikwe kwa kitako. Mpini wa mlango si wa kubebea.

Mtungi wa gesi ufungwe koki, regyuleta itolewe, usimamishwe kwenye bodi iliyo wazi na ufungwe kwenye kona. Usiuweke kwenye kabini wala ndani ya teksi yenye vioo vilivyofungwa. Ukiunganisha nyumba mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu yanayokua, inavuja, funga uanze upya. Jiko la mkaa liachwe bila moto tangu jana yake na majivu yamwagwe, kwa kuwa kaa moja lililofunikwa na majivu linaweza kukaa na moto usiku mzima, na upepo wa gari ukaliamsha katikati ya magodoro.

Televisheni bapa hairuhusiwi kulala. Kioo chake kina uimara kikisimama, kikilazwa kinajipinda katikati. Itolewe miguu, skrubu zibandikwe mgongoni kwa selotepu, ivishwe blanketi na iwekwe kioo kikiangalia godoro. Piga picha nyaya za kisimbuzi kabla hujazichomoa.

Tangi la maji la lita 1,000 likiwa tupu halina uzito, lakini linakula karibu kirikuu nzima. Likaushe, kisha mdomo wake uutumie: mito, foronya na nguo ndani ya viroba vinaingia humo. Toa koki na maungio, funga kwenye kitambaa, na ununue tredi tepu mpya mapema. Ya zamani hairudi kushika.

Kupanga mzigo garini

Fikiria kwa kurudi nyuma. Utakachokihitaji kwanza kule kinaingia mwisho huku.

Kwanza vizito na virefu kwenye ukuta wa kabini: friji upande mmoja, gamba la kabati upande wa pili ili gari lisilale. Kati yake ziba na godoro dogo au mito ya makochi. Mbao za kitanda zisimame kwa ukingo ubavuni. Makochi yafuate, la watu watatu lisimamishwe wima kama nafasi ni finyu. Maboksi mazito chini, ya vyombo juu yake, na kila pengo lizibwe na kiroba cha nguo. Viroba vya nguo ndiyo kabari yako, usivipakie vyote mapema. Godoro kubwa liegemee ubavuni kwa ndani ya kamba, likishikwa sehemu mbili: hilo ndilo tanga la upepo, na Dodoma ya Agosti halihitaji kualikwa kupaa. Juu kabisa viti vya plastiki, ndoo na beseni, vimefungwa pamoja. Mwisho kabisa ufagio, madumu ya maji, chandarua na sanduku la usiku wa kwanza.

Turubai lifunike yote hata kama mbingu ni nyeupe. Vumbi jekundu likishaingia kwenye spika au kwenye kitambaa cha kochi halitoki lote. Mtu asikae juu ya mzigo kuushikilia. Kama mzigo unahitaji kushikiliwa, haujafungwa.

Fundo la dereva

Funga ncha moja ya kamba kwenye ndoano ya upande wa kushoto, rusha juu ya mzigo, nenda kulia. Kwenye kamba inayoning'inia, kimo cha kifua chako, zungusha kitanzi na uchomoze kupitia humo kipande cha kamba kilichokunjwa ili kibaki kama sikio. Shusha ncha chini, ipite ndani ya ndoano, irudi juu ipite ndani ya lile sikio. Sasa vuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili. Sikio linafanya kazi kama kapi, nguvu yako inaongezeka, na utasikia mbao zikilia zinapobanana. Ukiwa bado umeshikilia, bana kwa vidole pale kwenye sikio, funga vitanzi viwili vya kawaida chini yake. Fanya hivyo sehemu tatu: karibu na kabini, katikati, nyuma. Mipira ya tyubu iongezee. Usiitegemee peke yake, kwani hunyumbulika na kuruhusu mzigo kuruka.

Kila kamba inalegea mzigo ukishatulia. Mwambie dereva asimame baada ya kilomita mbili, mzunguke mkaze upya. Dakika tano hizo ndizo zinazookoa vioo.

Kuku wasafiri asubuhi sana, ndani ya tenga, kivulini. Wachache kwa tenga moja, na maji wapewe wakifika.

Kushusha

Mtu mmoja atangulie na ufagio na funguo, nyumba iwe imedekiwa na imekauka. Asimame mlangoni akielekeza kila boksi chumba chake. Bila huyo, vyote vinarundikana sebuleni na kazi inafanywa mara mbili. Kabati zito la mninga au mkongo kwenye vigae litelezeshwe juu ya blanketi kuukuu lililowekwa chini ya miguu. Nyanyua kwa magoti, mgongo umenyooka, na anayerudi kinyumenyume aongozwe kwa sauti: "kizingiti," "kushoto kidogo," "tua."

Kitanda kiunganishwe kabla ya kitu kingine chochote, chandarua kining'inie, ndipo mle. Sanduku la usiku wa kwanza liwe na mashuka, sabuni, taulo, tochi, balbu, chaja, dawa za watoto, kisu, sufuria moja, majani ya chai na sukari. Wasaidizi wapikiwe mchana. Ni jambo la heshima, na ndilo litakalowaleta tena.

Viatu vilivyokaa usiku barazani vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, maana nge wa maeneo mapya ya viwanja hupenda humo.

Kule ulikotoka, rudi siku inayofuata ufagie, piga picha kila chumba, na funguo zikabidhiwe mbele ya shahidi kwa karatasi yenye tarehe na saini mbili. Huku mpya, wiki isiishe hujafika kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na kitambulisho, wakuandikishe. Pita pia kwa majirani wa pande zote, na kama jirani ni mzee wa Kigogo, "Mbukwenyi" itakufungulia mlango mapema.

Maboksi ambayo bado hujayafungua yasigusane na ukuta wala kukaa moja kwa moja sakafuni. Yainue juu ya matofali mawili na kipande cha ubao, yakiwa umbali wa kiganja kutoka ukutani. Siku ya tatu yanyanyue yote uangalie chini. Boksi lenye mstari wa udongo kwenye kitako lifunguliwe saa hiyo hiyo, nje, hasa kama ni la vitabu au vyeti.